Moss alimtetea mpinzani, akakosa taji kwa pointi moja

Mwezi jana nilienda mbio za gokati na mbogi ya mtaa. Msee aliyekuwa mbele yangu aliteleza akatoka njia kidogo, watu wakaanza kelele: amekata kona, atolewe! Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa. Niliona hakukata kitu. Nikanyamaza, juu akitolewa mimi napanda hadi nambari mbili.

Tangu siku hiyo Stirling Moss hanitoki kichwani.

Cheki. Agosti 1958, Porto, Ureno, mbio za Formula One. Moss ameshinda. Nambari mbili ni Mike Hawthorn wa Ferrari, Mwingereza mwenzake, na hao wawili ndio wanapigania ubingwa wa dunia. Karibu na mwisho gari la Hawthorn lilizunguka likazima. Akalisukuma kwa mteremko ndio liwake, likielekea kule magari mengine yanatoka. Wasimamizi wakataka kumfuta. Na nani akaenda kumtetea? Moss! Akawaambia Hawthorn alikuwa kando, pale watu hupita kwa miguu, si kwenye barabara ya mbio. Hawthorn akabaki na pointi zake.

Msimu ukaisha Morocco mwezi wa kumi: Hawthorn 42, Moss 41. Na mwaka huo Moss alishinda mbio 4, Hawthorn 1 tu. Ubingwa wa dunia Moss hakuwahi kuupata, hadi akafa 2020.

Sasa mimi nilinyamazia nini? Hata kikombe hakikuwepo. Yule msee bado hunisalimia fiti. Jumamosi tunarudi, na bado sijamwambia.