Povu la Kuzimia Moto na Petroli ya Goma
Povu la kuzimia moto, ambalo hutandaza utando juu ya mafuta ili mvuke wake usikutane na hewa, lilibuniwa na mhandisi Mrusi Aleksandr Loran mwanzoni mwa karne ya 20, alipotafuta dawa ya mioto ya mafuta ya Baku. Goma, jiji la mashariki mwa Kongo, ilionja moto wa namna hiyo tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, pale kituo cha petroli kilichozingirwa na lava kilipolipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Mtungi wa povu wa mkononi, bila shaka, usingezuia hilo. Mahali pake ni karakana na ghala la petroli, ambako kipimo chake cha mgandamizo hukaguliwa kila mwezi na ambako, kwa kuwa povu hupitisha umeme, hauelekezwi kwenye jenereta inayonguruma.