Gari na kinga barabarani: shofere apite namna gani?

Ku barabara RN5, kati ya Kamanyola na Uvira, kinga, ni kusema baiskeli, njo kamyo ya familia nyingi za uwanda wa Ruzizi. Inabeba makala, mihogo na bidoni za mawese. Ku barabara hiyo hiyo kunapita kamyo kubwa, taksi na motari. Gari ikigusa kinga hata kidogo, mwenye kuumia ni yule asiye na bati ya kumlinda.

Sheria inaomba nini

Code de la route ya Kongo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka 1977, nchi ikiitwa Zaire, ilijiunga pia na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Mambo makubwa ni haya:

- Watu wanatembeza ku mkono wa kuume, na kupita kunafanyika ku mkono wa kushoto.
- Mbele ya kupita, shofere anahakikisha kama njia iko wazi, na kama gari ya nyuma haijaanza kumpita yeye.
- Anayepitwa anaachiwa nafasi ya kutosha.

Nafasi ya kutosha ni ngapi?

Ufaransa na Ubelgiji wameweka kipimo: mita 1 ndani ya mji, mita 1,5 inje ya mji. Ni kipimo kizuri kwetu pia. Lakini kihesabiwe kuanzia ku pembe ya mzigo, hapana ku gidoni. Magunia ya makala yanatokeza pande zote mbili.

Nafasi hiyo iko na sababu. Mwenye kinga akikuta shimo, anakata ku kushoto bila kuonya. Akipanda mlima na mzigo, anayumba. Na upepo wa kamyo yenye mbio unaweza kumvuta ao kumsukuma hata kama kamyo haikumgusa.

Volanti ya kuume

Beni, Butembo na Goma kunatembea gari nyingi zenye volanti kuume, sawa zile za Uganda, ambako watu wanatembeza kushoto. Shofere wa gari hiyo anaona kinga vizuri, lakini anachelewa kuona gari inayokuja mbele, zaidi kama iko nyuma ya kamyo. Akishituka, anarudi kuume kwa nguvu, pale pale kinga iko. Huyo inafaa angoje zaidi kuliko wengine.

Hatua za kufuata

1. Punguza mwendo ungali mbali. Ku kona ao kilele cha mlima, baki nyuma.
2. Piga klaksoni fupi kutoka mbali. Ukiipiga karibu na sikio lake, atashituka na kuanguka.
3. Weka kinyonteri ya kushoto, toka wazi, pita.
4. Rudi kuume wakati unamwona ku retroviseri. Usimkatie njia ili usimame ao ugeuke.
5. Ku vumbi, ngoja mpaka unaona mbele.

Kungoja kunakula wakati gani? Kinga ikienda kilometa 15 kwa saa, na gari ingeenda 40, kubaki nyuma yake mita 100 kunapoteza sekunde 15 tu.

Mwenye kinga naye abaki kuume, anyooshe mkono mbele ya kugeuka, na usiku awe na taa mbele na kitu chenye kung'aa nyuma.