Siri za tovuti: kwa nini zisihifadhiwe pamoja na programu

Miji ya Dallas, Fort Worth na Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ni makazi ya Waafrika Mashariki wengi. Ni vituo vikubwa pia vya kuhifadhi tovuti za watu wa mataifa mbalimbali.

Mei 31 mwaka 2008, mlipuko katika kituo cha kampuni ya The Planet mjini Houston ulizima seva zipatazo 9,000. Wenye tovuti walikumbushwa umuhimu wa kuweka nakala mahali pengine.

Hata hivyo nakala nazo zina hatari yake: siri iliyomo ndani husafiri nazo.

Git ni nini?

Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko katika mafaili ya mradi. Kila fundi anayeshiriki hupata nakala yenye historia yote.

Tatizo huanzia kwenye faili la mipangilio. Tovuti za Drupal hutumia settings.php, na za WordPress wp-config.php. Humo huandikwa neno la siri la hifadhidata. Faili hilo likiingia katika Git, kila mwenye nakala anao ufunguo wa nyumba.

Funzo la Uber

Mwaka 2016 wadukuzi waliingia katika hifadhi binafsi ya wahandisi wa Uber kwenye mtandao wa GitHub. Humo walikuta ufunguo wa data za kampuni hiyo zilizohifadhiwa kwa Amazon, wakachukua taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva.

Uber iliwalipa dola 100,000, na haikutangaza tukio hilo hadi Novemba 2017. Mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 148 kwa majimbo yote ya Marekani, Texas ikiwemo.

Hifadhi hiyo haikuwa wazi kwa umma. Kufunga mlango wa hifadhi, basi, hakutoshi.

Kinga yake

Mipangilio ya kawaida ibaki katika Git. Maneno ya siri yawekwe katika faili la pembeni, lisilofikiwa na wasomaji wa tovuti, au yawekwe kwenye seva yenyewe ili programu iyasome humo. Jina la faili hilo liandikwe katika .gitignore, na mafundi wapewe faili la mfano lisilo na siri.

Kila seva, ya majaribio na ya umma, iwe na neno lake la siri.

Na siri ikishavuja?

Kufuta mstari wenye siri hakusaidii, kwani matoleo ya zamani hubaki nao. Wala .gitignore haiondoi faili lililokwisha kuingizwa.

Jambo la kwanza ni kubadili neno la siri mara moja. Kusafisha historia hufuata baadaye, na hakuzifikii nakala zilizokwisha kuchukuliwa.