Maili Kumi za Sultani

Msafiri atokaye Mandera, penye njia kuu iendayo Tanga, akageuza uso wake kuelekea mashariki, hufika Miono kabla jua halijamchosha, na akishika njia hiyo hiyo kupita Mkange hufikilia Saadani, kijiji cha pwani ambacho leo kimezungukwa na hifadhi ya wanyama, ilhali zamani kilikuwa bandari yenye heshima yake katika Mrima mzima. Katika mwendo huo wote hapana mlima wala badiliko la lugha litakalomfanya ahisi kwamba ametoka nchi moja akaingia nyingine. Walakini kwa muda wa miaka minne hivi, tangu mwisho wa 1886 hata mwisho wa 1890, mikataba ya wakubwa ilisema kwamba Saadani ni milki ya Sultani wa Unguja, na kwamba Miono imo katika nchi ambayo Uingereza imekubali iwe fungu la Ujerumani, na baina yao umepita mpaka ambao hakuna Mzigua, Mdoe wala Mkwere aliyeulizwa upite wapi. Nimeufanya mpaka huo uliosahaulika kuwa mlango wa maelezo haya, kwa sababu mabishano tuyasikiayo siku hizi juu ya bandari, wawekezaji na uhusiano wetu na mataifa ya nje yana nasaba ndefu, na sehemu kubwa ya nasaba hiyo imepita katika njia hii fupi.

Kabla ya karatasi kulikuwa na hongo na ushuru. Mtu wa bara aliyeshuka na pembe au sandarusi alijua ni jumbe yupi apewe haki yake, na mfanyabiashara wa pwani aliyepanda bara alijua vilevile. Forodha za Sultani zilikuwa zimekodishwa kwa matajiri wa Kihindi, akina Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, ambao walimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kisha wakajikusanyia wenyewe. Mfumo huo haukuwa wa haki kwa kila mtu, na mateka waliopitishwa katika bandari hizi wasingeusifu. Lakini ulikuwa na sifa moja iliyokuja kukosekana baadaye, nayo ni kwamba mapatano yake yalirudiwa mara kwa mara mbele ya watu wanaojuana kwa nyuso, na aliyeona amepunjwa alijua mlango wa kubisha hodi. Hata wageni wa mbali waliingia katika desturi hiyo: wamisionari wa Kiingereza wa CMS waliokwenda Uganda walishukia Saadani mwaka 1876, na mwaka uliofuata Alexander Mackay alikata njia ya magari ya ng'ombe kutoka hapo mpaka Mpwapwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu nao walijenga misheni Mandera mwaka 1881.

Mwezi wa Novemba 1884 alishuka Saadani mgeni wa namna nyingine. Carl Peters na wenzake walipanda bara kwa kufuata bonde la Wami, na kwa majuma machache wakarudi na karatasi kadhaa zilizodai kwamba watawala wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wamezitoa nchi zao kwa jumuiya yake ya Kijerumani. Karatasi mashuhuri kuliko zote ni ile ya Mangungo wa Msowero. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo aliyetia alama yake hakuijua, na zilitaja umilki wa milele katika nchi ambazo ardhi haikuwa mali ya mtu mmoja hata aweze kuitoa. Tumezoea kumcheka Mangungo, tena watoto wa shule hufundishwa kumcheka. Mimi naona kicheko hicho kimeelekezwa pasipo. Mtu huyo alimkaribisha mgeni, akapokea zawadi, akatia alama katika kitu ambacho kwa kadiri ya maarifa yake kilikuwa ushahidi wa urafiki. Aliyejua kwamba karatasi hiyo haina thamani ya haki ni yule aliyeiandika, na bado mnamo tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa waraka wa himaya uliosimama juu ya karatasi hizo.

Sultani Barghash aliteta akisema nchi hizo ni zake. Jibu alilopewa ni manowari za Kijerumani zilizotia nanga mbele ya jumba lake Agosti 1885, naye, baada ya kuona kwamba Waingereza aliowategemea wanamshauri anyamaze, alinyamaza. Ndipo ikaundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa kuchunguza mamlaka ya Sultani yanaishia wapi, na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwisho wa 1886 yakamwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini kutoka maji. Upana ukawa maili kumi kila mahali, kwa rula, kana kwamba heshima ya mtawala huenda sawasawa na kamba ya mpimaji. Hapo ndipo Saadani ilipotenganishwa na Miono.

Hesabu hiyo ilikuwa na kosa jingine lililo kubwa zaidi kwa watu wa huku. Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Saadani, alijihesabu kuwa sultani wa Uzigua kwa haki yake mwenyewe, wala hakukubali kwamba madaraka yake yalitoka Unguja. Kwa hiyo katika fikira zake Saadani na nchi ya nyuma yake zilikuwa kitu kimoja, bandari ikiwa mdomo na bara tumbo. Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, alipotia sahihi Aprili 1888 mkataba wa kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki utawala na forodha za pwani kwa miaka 50, alikodisha kwa upande wa Saadani kitu ambacho mwenye nacho alikuwa hai, yuko nyumbani, na hakuulizwa.

Watumishi wa kampuni waliingia kazini Agosti 1888, na jinsi walivyoingia yatosha kuwa somo la namna ya kupoteza nchi. Bagamoyo ugomvi ulikuwa juu ya mlingoti wa bendera mbele ya nyumba ya liwali, na Pangani mtumishi wa kampuni aitwaye Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, aliidharau bendera ya Sultani na, kama ilivyosimuliwa pwani nzima, akaingia msikitini na mbwa. Lakini chini ya bendera na mbwa palikuwa na jambo zito: kampuni ilitaka kuandikisha ardhi, kutoza ushuru mpya na kuondoa madaraka ya majumbe, yaani kubadili kwa siku moja mapatano ambayo vizazi viliyazoea. Abushiri bin Salim akasimama Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani. Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann pamoja na askari aliowakusanya Misri na Msumbiji. Saadani ikapigwa mizinga kutoka baharini Juni 1889. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Bwana Heri alijitenga na pwani akajenga boma Mlembule, na Mlembule ilipochukuliwa Januari 1890 akapigana tena Palamakaa mwezi wa Machi. Tukitazama mwelekeo wa vita hivyo tutaona kwamba alikuwa akirudi ndani ya Uzigua, kwa watu waliompa chakula na vijana, na aliposhindwa kupata vyote viwili, njaa ikiwa imeenea, ndipo aliposalimu amri Aprili 1890. Miaka michache baadaye aliasi tena.

Miezi mitatu baada ya kusalimu kwake, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba ambao ndani yake Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na kisiwa cha Heligoland, kilicho karibu na Ujerumani, kikabadili mkono. Ukanda wa maili kumi ukanunuliwa moja kwa moja kwa maki milioni 4 alizolipwa Sultani Ali. Ile miaka 50 ya mwaka 1888 haikufika hata mitatu. Serikali ya Ujerumani ilishika pwani mwaka 1891, makao makuu yakahama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na Miono ikawa tena nchi moja na Saadani, safari hii kwa kuwa zote mbili zilikuwa na bwana mmoja.

Utawala wa Kijerumani na ule wa Kiingereza uliofuata nitaupita kwa haraka, isipokuwa kwa jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Baada ya vita kuu ya kwanza Tanganyika haikuwa koloni la Uingereza kwa maana kamili. Ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya uangalizi wake na Ushirika wa Mataifa, na tangu 1946 chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa lugha ya pwani tungesema ilikuwa amana. Hata hivyo mnamo 1921 Waingereza waliwapatia Wabelgiji viwanja katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila ushuru, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na muda wa ukodishaji ukaandikwa kuwa ni milele. Kila mwana wa pwani aliyesoma sheria kidogo msikitini angeweza kuwaambia kwamba aliyewekewa amana hana haki ya kuikodisha hata siku ya kiyama.

Nyerere aliwaambia. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, alilieleza Bunge kwamba mikataba ambayo Uingereza iliifanya na mataifa mengine kwa niaba ya Tanganyika itaendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili, na katika muda huo kila mmoja utatazamwa, ukafanywa upya kwa hiari au ukaachwa. Viwanja vya Wabelgiji havikupewa hata muhula huo: mwangalizi wa muda hawezi kufunga nchi kwa milele, na kwa hiyo mapatano yale hayakuwafunga Watanganyika kamwe. Akaongeza kwamba hana nia ya kuwazuilia majirani njia ya bahari, na kwamba mapatano mapya yanaweza kuzungumzwa. Mwaka 1962 serikali ikasema kwa hoja iyo hiyo kwamba haifungwi na mapatano ya 1929 juu ya maji ya Nili. Wanasheria wa dunia huliita fundisho hilo kwa jina la Nyerere, na wanalisoma mpaka leo. Kwangu mimi ndilo jibu bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa karatasi za Peters, na lilitolewa bila risasi.

Fundisho hilo lilitiwa majaribuni mapema. Baada ya Muungano wa 1964 Wajerumani, ambao sasa walikuwa dola mbili, waligombania nani atambuliwe, kwa sababu Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki. Na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani ya Magharibi, ilipoondoa msaada wake wa kijeshi mwanzoni mwa 1965, Nyerere alikataa na uliobaki. Hasara yake ilikuwa kubwa kwa nchi maskini, na sidhani ni busara kuifunika kwa nderemo.

Katika siku zetu siasa ya nje imebadili nguo. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 iliweka mbele diplomasia ya uchumi, na waziri aliyeisimamia, Jakaya Kikwete, ni mzaliwa wa Msoga, jirani wa Miono katika jimbo la Chalinze. Akiwa Rais alimkaribisha Xi Jinping Machi 2013, na katika ziara hiyo likazaliwa shauri la bandari kubwa Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ambalo lingegharimu, kama ilivyosemwa, dola za Marekani bilioni 10. Kampuni ya China Merchants ilikuwa mbele, na baadaye ukaingia mfuko wa hazina ya Oman, hata watu wa Bagamoyo wenye kumbukumbu wakatabasamu kuona kwamba Muscat imerudi Mrima kwa mlango wa mbele. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 16 Oktoba 2015. Mrithi wa Kikwete, John Magufuli, aliusimamisha mradi, na Juni 2019 akaeleza hadharani kwamba masharti yaliyotakiwa yalikuwa na ukodishaji wa miaka 99 na dhamana ya miaka 33, tena serikali izuiwe kuendeleza bandari nyingine za pwani. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa.

Nani aliyekuwa na haki katika ubishi huo? Wapo wanaosema bandari ingeleta kazi nyingi kwa vijana, na wapo wanaosema tuliokoka, na kila upande una hoja. Mimi huitazama miaka 99 nikaiweka kando ya miaka 50 ya Sultani Khalifa na milele ya Wabelgiji, kisha huuliza swali lile lile ambalo Bwana Heri angeuliza: aliyetia sahihi alimwuliza nani? Sheria mbili za 2017, moja ya kuhifadhi mamlaka ya nchi juu ya utajiri wa asili na nyingine ya kurudia masharti hasi katika mikataba ya utajiri huo, zilitungwa ili Bunge liwe na sauti. Na mapatano na Dubai kuhusu bandari, yaliyoandikwa Oktoba 2022, yalipofikishwa Bungeni Juni 2023, yalibishaniwa sokoni, kanisani, msikitini na mahakamani. Na mkataba wa uendeshaji uliotiwa sahihi na kampuni ya DP World ya Dubai Oktoba mwaka huo ukatajwa kuwa wa miaka 30. Kelele zile ziliwaudhi wengi serikalini. Mwaka 1888 watu wa Mrima walikuwa na bunduki tu za kupigia kelele zao.

Barabara mpya ya kutoka Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga, inayojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ili iunganishwe na Lunga Lunga na Malindi katika Kenya, inapita Mkange, sehemu ile ile ya nchi iliyokatwa na maili kumi. Huko Miono mkulima wa ufuta hungoja msimu wa kuuza. Gunia lake likifika katika ghala la ushirika hupimwa, naye hupewa stakabadhi iliyoandikwa jina lake na kilo zake kwa Kiswahili. Huisoma mara mbili, akamwuliza karani kilo mbili zimekwenda wapi, na karani, kwa kusita, hurudi mizanini.