Kengele ya Shule na Mtu-Mbwamwitu

Filamu za mtu-mbwamwitu, yaani binadamu anayegeuka mnyama na kuwinda wenzake, zilipata sura inayojulikana hadi leo mwaka 1941, studio ya Universal ya Marekani ilipotoa The Wolf Man, ambamo mtaalamu wa vipodozi Jack Pierce alimbandika Lon Chaney Jr. manyoya ya yaki usoni kwa saa nyingi. Mwaka 1957 kampuni ya American International Pictures, iliyotegemea fedha kidogo na watazamaji vijana, ilitoa I Was a Teenage Werewolf, na hapo ufukara wenyewe ukazaa ubunifu: badala ya mwezi mpevu, mlio wa kengele ya shule ndio unaomgeuza mwanafunzi mwenye hasira, aliyeigizwa na Michael Landon, hata kitu cha kawaida kabisa kikawa cha kutisha kuliko kinyago chochote. Mwongozaji Neil Marshall wa Uingereza alifuata njia hiyohiyo ya kutisha kwa vitu vichache katika filamu ya Dog Soldiers ya mwaka 2002, akiwafungia askari ndani ya nyumba moja na kuwaficha wanyama gizani, kwa kuwa jicho huogopa zaidi kile lisichokiona vizuri.