Volkswagen ya babu, kigari changu na swali la kubadili gari

Leo tuzungumze habari za magari, lakini kwa mtindo wetu ule ule wa kurudi nyuma kidogo kwenye historia.

Wiki mbili zilizopita kigari changu kilichemsha nikiwa njiani kwenda Makuyuni. Sisemi ile Makuyuni ya Arusha, wanakokata kona watalii wa Manyara na Ngorongoro. Nasema Makuyuni ya kwetu, ukishaupita mji wa Korogwe ukielekea Mombo, kwenye nchi ya mkonge. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, kisha ikasonga kwenda Mombo. Barabara kuu ya kwenda Moshi nayo inapita huku huku.

Huenda huko mara moja kwa mwezi kumpeleka mama kliniki Tanga mjini. Kwa hiyo kigari hiki si cha kuuzia sura. Siku kikigoma, mgonjwa anasubiri.

Ni gari dogo la petroli, injini ya cc 1,300, namba B. Wa mjini mnajua maana yake. Sisi Watanzania tunasoma umri wa gari kwenye namba kama anayesoma meno ya ng'ombe mnadani. Ukiwa na namba B wakati wenzio wapo kwenye E, hata mlinzi wa getini anakusalimia nusu nusu. Marafiki zangu wote wameshatoa hukumu: uza, kopa, chukua IST.

Nilikuwa nimeshachukua fomu ya mkopo. Kilichonisimamisha ni daftari.

Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge duniani ilianguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani. Lilipokuja Azimio la Arusha, Februari 1967, halafu mwishoni mwa mwaka huo Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, mameneja wengi wa Kizungu walifungasha. Mmoja wao alimwachia babu Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, akalipwa kwa mafungu. Hiyo ilikuwa 1968, na gari lilikuwa limeshatumika.

Haikuwa gari la kudharau. Volkswagen za namna hiyo zilishashinda mbio za Safari za Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, mbio zilizoanza mwaka 1953 na kupita kwenye vumbi na matope yetu. Na kama unadhani gari lililotumika halina heshima, kumbuka kwamba mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda mbio hizo kwa Volvo iliyokwisha kutumika na dereva mwingine. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akachukua ushindi kwa Peugeot 404. Vijijini watu walichagua gari kwa kuangalia nani kafika salama.

Volkswagen ya babu haikuwa na rejeta. Injini yake ipo nyuma na inapozwa kwa upepo. Isingeweza kuchemsha maji kama changu, lakini ilikuwa na maradhi yake, na yote babu aliyaandika kwenye daftari ambalo mama amelitunza kwenye sanduku la bati. Kila ukurasa una tarehe, maili na kilichofanyika: oili, plagi, vali, fani belti, breki. Hakuna maelezo mengine.

Nikalisoma pembeni ya historia ya nchi, na mambo yakaanza kuonekana.

Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Kwenye daftari, safari zinapungua. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwenye daftari, spea mpya zinatoweka na neno "kutengeneza" linachukua nafasi ya "kubadili". Ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ikaruka tena. Fedha za kigeni zikawa adimu. Kuingiza gari kulihitaji kibali, na dhamana ya biashara ya magari ilikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Mtumishi wa kawaida angeweza kuwa na hela mfukoni na bado asipate gari la kununua.

Wakati huo pia lilikuwepo lile katazo la magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Mama anasimulia harusi moja upande wa Handeni. Ilipofika saa saba babu akaanza kuangalia saa, wenyeji wakaanza kucheka. Saa nane ikampita akiwa bado na sahani ya pilau mkononi. Walilala huko huko hadi Jumatatu.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa Korogwe mwaka 1982 kama abadili gari lake kuukuu, angekushangaa. Abadili na nini? Swali hili linalotusumbua sisi halikuwepo.

Lilianza kuzaliwa mwaka 1984. Bajeti ya mwaka huo, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa zimetoka wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikapanuka. Huko Japani nako gari jipya dogo hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Wengi huona nafuu kuliacha gari likiwa bado zima. Wao huendesha kushoto kama sisi. Basi meli zikaanza kuleta, na mtumba ukageuka kuwa gari la Mtanzania. Baba mdogo alipata lake mwaka 1994.

Babu je? Ruksa ilipokuja, hakukimbilia kubadili. Injini alishaifungua mara mbili, akairudisha, ikawaka. Volkswagen aliiuza mwaka 1991, na ukurasa wa mwisho wa daftari una maneno mawili tu: "Sakafu imeoza."

Nilipomwonyesha fundi wa Makuyuni maneno hayo, mzee yule alicheka. "Mwanangu, babu yako alikuwa anajua. Injini inabadilishwa. Bodi ikioza, unaendesha jeneza." Akaingia uvunguni na bisibisi, akagonga chesisi pande zote, akaniita nami nilale chini nione. Miaka 4 naendesha gari hili, sikuwahi kuliona tumbo lake.

Chuma ni kizima. Rejeta imekwisha, gasketi ya silinda hedi imeungua, paipu moja ya breki imeanza kutu. Jumla ya matengenezo ni laki 9.

Sasa hesabu. Gari nililotamani lingenigharimu milioni 15. Langu nikiliuza napata milioni 3, kwa hiyo natafuta milioni 12 za mkopo, bila riba. Mnaniambia jipya litaokoa mafuta. Kwenda Makuyuni na kurudi ni kama kilomita 600. Langu linakwenda kilomita 14 kwa lita, hilo jingine tuseme 18. Naokoa kama lita 10 kwa safari. Nikiweka shilingi 3,000 kwa lita, ni elfu 30 kwa mwezi, laki 3 na elfu 60 kwa mwaka. Milioni 12 zitarudi baada ya miaka 33! Anayeendesha kila siku kutoka Kibaha kwenda Posta ana hesabu tofauti, na simpingi.

Lakini nisidanganye kwamba gari kuukuu ni fahari. Breki zikifeli kwenye mteremko, hakuna atakayejali kama ulikuwa unabana matumizi. Na wazee wetu hawakutunza magari kwa sababu walikuwa watakatifu kuliko sisi. Walitunza kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi tuna njia, ndiyo maana hatufungui hata boneti. Gari likikohoa tunafikiria mkopo, kisha tunaenda kununua lililochakaa kwa Mjapani na kuliita jipya.

Fomu ya mkopo nimeirudisha ikiwa tupu. Nimelipa laki 9, paipu za breki nimebadilisha zote, na nimenunua daftari la shilingi elfu moja. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe, kilomita, rejeta, gasketi, breki. Kila mwezi naweka akiba kidogo ya gari jingine, na kila baada ya miezi 6 nitalala uvunguni na bisibisi. Siku chuma kitakapoitikia vibaya, nitauza bila kuomboleza.

Jumamosi iliyopita mama alipanda, akakaa, akauliza kama safari hii tutafika. Tulifika, na mapema.

Haya, wewe unayetaka kubadili gari lako: umeshaliangalia tumbo?