Michezo ya kuigiza wahusika kwa watoto

Michezo ya kuigiza wahusika kwa watoto ni michezo ya mezani ambamo wazazi na watoto wadogo hutunga hadithi pamoja. Kila mchezaji huwa mhusika mmoja katika dunia ya kubuniwa yenye majoka, wachawi na mazimwi, na husema kwa maneno yake mhusika huyo anafanya nini. Jambo lisipokuwa na uhakika, hurushwa dadu. Tofauti na tamthilia, hakuna jukwaa wala maneno ya kukariri. Tofauti na bao au karata, kwa kawaida wachezaji wote wako upande mmoja.

Historia

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni *Dungeons & Dragons*, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa na kampuni ya TSR mwaka 1974. Gygax alipokuwa akiujaribu nyumbani kwake Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake Ernie na Elise.

Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na vikundi vya Kikristo nchini Marekani walidai kwamba mchezo huo huwavuta vijana kwenye uchawi na kujiua. Utafiti uliofanyika baadaye haukuthibitisha madai hayo.

Namna ya kuchezwa

Mtu mmoja, mara nyingi mzazi, huwa msimulizi: hueleza mahali, huigiza viumbe wengine na kuuliza, "Unafanya nini?" Kanuni kamili za *Dungeons & Dragons* ni nyingi mno kwa watoto wadogo, hivyo familia huzipunguza au hutumia michezo rahisi zaidi:

* *Amazing Tales* ya Martin Lloyd, kuanzia miaka 4. Mtoto huchagua mambo manne ambayo mhusika wake anayaweza, na kuyapa dadu za pande 12, 10, 8 na 6. Akipata 3 au zaidi amefaulu. Kwa hiyo jambo analoliweza zaidi hufaulu mara 5 kati ya 6, na la mwisho mara 2 kati ya 3.
* *Hero Kids* ya Justin Halliday, kwa miaka 4 hadi 10. Hutumia dadu za kawaida za pande 6.
* *No Thank You, Evil!* ya kampuni ya Monte Cook Games. Mhusika huelezwa kwa sentensi moja: mtoto mdogo hutaja nomino tu (kwa mfano "haramia"), mkubwa kidogo huongeza kivumishi, na mkubwa zaidi kitenzi. Hivyo ndugu wa umri tofauti hucheza pamoja.

Masuala ya malezi

Mchezo huwapa watoto mazoezi ya kuhesabu, kusikiliza na kungoja zamu. Ugumu mkubwa ni hofu na kushindwa, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kumlilia mhusika wake kana kwamba ni yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyo familia nyingi hukubaliana mapema kwamba mhusika aliyeshindwa huzimia tu bila kufa, kwamba zimwi linaweza kudanganywa au kufanywa rafiki, na kwamba mtoto yeyote akiogopa anaweza kusimamisha tukio. Dadu ikikataa, hadithi haikomi: msimulizi huleta kikwazo kipya. Dadu ndogo huwekwa mbali na watoto wa chini ya miaka 3, kwani zinaweza kuwakaba koo.